Sura ya Sita: Njia Iliyotundikwa Ukutani

Ukisimama juu ya njia mpya ukainama kidogo, unaiona ile ya zamani chini ya miguu yako, kama mgonjwa aliyelazwa uvunguni mwa kitanda. Zege lake limemong'onyoka. Mahali pengine limebaki bapa lenye upana wa mita moja, unaweza kudhani mtu alipita jana. Mahali pengine limetoboka, na ndani ya tundu unauona mto wa kijani ukipita mita mia moja chini yako. Kuna sehemu ambazo zege lote limekwisha kwenda na maji, vikabaki vipande vya reli vilivyochomoza ukutani, vimeliwa na kutu, kimoja baada ya kingine, kama meno ya kitana kikuukuu. Reli hizo ndizo zilizonipeleka Hispania. Mandhari nilikwisha kuyaona kwenye picha.

Njia yenyewe inaitwa Caminito del Rey, yaani Kijia cha Mfalme. Iko Andalusia, kusini kabisa mwa Hispania, mwendo wa kama saa moja kwa basi kutoka mji wa pwani wa Málaga. Huko mto Guadalhorce umepasua milima ya mawe ya chokaa na kutengeneza korongo linaloitwa Desfiladero de los Gaitanes. Kuta zake zinapanda hata mita 300, na penye wembamba zaidi zinakaribiana kwa mita 10 tu. Msomaji aliyewahi kuishi Oman hatakuwa mgeni wa jina la mto huo: hiyo "guad" ya mwanzo ni wadi ya Kiarabu, masalia ya karne nyingi ambazo Waislamu walitawala nchi ile. Mpwa wangu, anayesoma huko na ndiye aliyenikaribisha, alinipa mengine njiani huku mashamba ya mizeituni yakipita dirishani. Zeituni wao huiita aceituna. Sukari ni azúcar. Na "hata" yetu ndiyo "hasta" yao, zote zimechotwa kisima kimoja. Nilifurahi kupita kiasi kwa hiyo ya mwisho. Mtu akienda ugenini akakuta neno la nyumbani linamsubiri, safari inabadilika.

Lakini nianze na sababu ya njia kuwapo, kwa kuwa wengi hupita pale wakidhani ilijengwa kwa ajili ya watalii, au kwa ajili ya huyo mfalme.

Ilijengwa kwa ajili ya umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Sociedad Hidroeléctrica del Chorro iliona kwamba mto unapoingia korongoni upande wa juu, mahali paitwapo Gaitanejo, na unapotoka upande wa chini, El Chorro, kuna tofauti kubwa ya kimo. Maji yakichepushwa juu yakapitishwa kwenye mfereji usioteremka upesi, yatafika mwisho wa korongo yakiwa bado juu sana, na hapo yataachiwa yaporomoke ndani ya mabomba mpaka kwenye mitambo. Kanuni ni ileile iliyotumika Hale na Pangani kwetu. Taabu ilikuwa moja: mfereji ulipaswa kupita katikati ya magenge ambayo hata mbuzi mwitu huyapita kwa kufikiri. Maji yalipata njia kwa mahandaki na madaraja. Je, fundi wa kuukagua mfereji, kuziba nyufa na kubeba vifaa, atapita wapi?

Basi kati ya mwaka 1901 na 1905 wakamtengenezea fundi huyo njia ukutani. Walitoboa mwamba, wakachomeka vipande vya reli, wakavitegemeza kwa vyuma vya mshazari, wakatandaza zege juu yake. Upana mita moja. Husimuliwa huko kwamba waliofanya kazi ya kuning'inia walikuwa mabaharia, kwa sababu walizoea kamba na milingoti. Sijui kibarua gani mwingine angekubali. Jaribu kuiwaza kazi yenyewe: mtu amefungwa kamba kiunoni, miguu imekanyaga ukuta uliosimama wima, mkono mmoja una patasi na mwingine nyundo, na kila pigo la nyundo linamsukuma nyuma kwenye hewa tupu. Anatoboa tundu moja la reli. Akimaliza anasogezwa hatua mbili kulia, anaanza jingine.

Kisha likajengwa bwawa kubwa upande wa juu, kuanzia mwaka 1914 hadi 1921, chini ya mhandisi Rafael Benjumea. Tarehe 21 Mei 1921 Mfalme Alfonso wa Kumi na Tatu alifika kulizindua. Alikaa kwenye kiti cha mawe kilichochongwa kwa ajili ya shughuli hiyo, akatia sahihi juu ya meza ya mawe, na katika ziara hiyo akapita kwenye njia ya mafundi. Kiti na meza vipo mpaka leo kando ya bwawa, na watu hupigana vikumbo kukaa hapo wapigwe picha. Mhandisi alipewa cheo cha Kabaila wa Guadalhorce, kwa maana ya ukabaila wa kizungu, na bwawa sasa linaitwa kwa cheo chake. Miaka michache baadaye alikuwa waziri, kisha akaenda Argentina, ambako aliongoza kampuni iliyojenga baadhi ya reli za chini ya ardhi za Buenos Aires. Mfalme mwenyewe aliikimbia nchi mwaka 1931. Njia ikabaki na jina lake.

Nimelifikiria sana jambo hili, na msimamo wangu nauweka wazi. Mtu aliyepita siku moja, akiwa amezungukwa na maofisa, ndiye aliyepewa njia. Waliopita kila siku kwa miaka, wakiwa na mifuko ya saruji begani, hawakupewa hata kibao. Kiongozi wetu, mama wa makamo aliyezaliwa bonde lilelile, alituambia kwamba si mafundi tu: familia zilizokaa korongoni ziliitumia kwenda vijijini, na watoto walipita hapo kwenda shule. Naamini majina yao ndiyo yaliyostahili kuandikwa getini.

*

Siku yetu ilianza saa moja na nusu asubuhi, basi dogo, watu kumi na wanane. Tiketi za njia hii zina idadi maalumu kwa kila saa, na za kununua peke yako huisha wiki nyingi kabla, hasa majira ya kuchipua na ya kupukutika, wakati jua halichomi. Ndiyo maana wageni wengi huishia kununua safari ya siku moja yenye usafiri na kiongozi. Mpwa wangu aliona ni hasara. Mimi nikasema nitalipa. Korongo lisilosimuliwa ni mawe na hofu, na hofu peke yake mtu anaweza kuipata kwa gharama ndogo zaidi.

Getini palitokea jambo lililonikera. Kwenye basi letu kulikuwa na wazazi na mtoto wao wa kike wa miaka saba. Sheria ya njia iko wazi: aliye chini ya miaka minane hapiti. Aliyewauzia safari hakuwauliza umri wa mtoto, alichukua pesa akawapa karatasi. Baba na mama wakabaki wanatazamana. Mwishowe mama alirudi na binti yake mpaka kwenye mgahawa ulio karibu na bwawa, na baba akaenda, uso umemshuka. Mlinzi wa geti sikumlaumu hata kidogo. Lawama ni ya muuzaji, na namwomba kila mzazi anayesoma hapa aulize swali la umri kabla ya kutoa pesa. Abebe na pasipoti, kwa sababu tiketi ina jina na getini wanaweza kulilinganisha.

Pale unapewa kofia ngumu na kitambaa chepesi cha kuvaa ndani yake, maana kofia hiyo imevaliwa na wengi. Unaambiwa usiivue mpaka mwisho. Wengi hudhani ni ya kumkinga anayeanguka. La, ni ya mawe madogo: mbuzi akikwaruza jiwe juu, au upepo ukilegeza kokoto, linakuja chini kwa mita mia mbili. Fimbo za kujipigia picha haziruhusiwi, wala miavuli, wala mabegi makubwa. Unakwenda upande mmoja tu, kutoka kaskazini kwenda kusini, mto unapoelekea. Ukianza, unamaliza.

Safari nzima ni kilomita 7.7, lakini ukitoa njia za kufikia mageti zinabaki kama kilomita tatu za korongo lenyewe, na humo ndimo kuna ile njia ya mbao iliyobandikwa ukutani. Korongo la kwanza, Gaitanejo, linakushika ghafla. Ulikuwa chini ya misonobari, ndege wanaimba, mara kuta za kushoto na kulia zimekaribiana na sauti ya maji imepanda juu kukulaki. Mbao chini ya viatu zinalia kidogo, ko, ko, ko. Mkono wa ukutani una waya wa chuma wa kushika, na upande wa wazi una uzio wa nyaya unaofika kiunoni na zaidi. Dakika tano za mwanzo kila mtu alishika waya. Dakika ya kumi nusu yao walikuwa wameuachia.

Mimi sikuuachia. Kimo hunifanya viganja vilowe jasho, tangu utotoni, na sikukusudia kujifanya mwingine mbele ya mpwa wangu.

"Mjomba, usitazame chini," akaniambia.

"Nimekuja kutazama chini, mwanangu. Wewe nenda polepole tu, usinitangulie mbali."

Akapunguza mwendo. Alitembea mbele yangu hatua mbili siku nzima, na hakusema neno jingine juu yake.

Mahali fulani kiongozi alisimama akagusa ukuta kwa kidole. Ndani ya jiwe palikuwa na duara lililojikunja kama mkia wa kinyonga: konokono wa baharini wa kale, aliyekufa wakati mawe haya yalikuwa tope la chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni mia moja iliyopita. Baadaye ardhi ilikunjwa. Tope lililolala bapa likasimamishwa wima, ndiyo sababu tabaka za ukuta mahali hapa zinasimama kama vitabu kwenye rafu. Mto umepita ukizikata. Nilimgusa yule konokono kwa kidole kilekile kilichokuwa kimeshika waya, na kwa muda nikausahau waya.

Katikati ya safari korongo linafunguka, unaingia bonde lililotulia liitwalo Valle del Hoyo. Hapo ni njia ya udongo, misonobari, kivuli, na mfereji wa zamani wa maji ukionekana kando. Kuna nyumba iliyoachwa. Tulikunywa maji tukala machungwa. Juu ya vilele tumbusi walikuwa wanazunguka bila kupiga bawa hata moja, wale wakubwa ambao mabawa yao yakikunjuliwa yanakaribia mita mbili na nusu. Nchini kwetu ndege hawa wanauawa kwa sumu inayowekwa kwenye mizoga, nami niliwatazama kwa uchungu kidogo.

*

Korongo la pili ndilo Gaitanes lenyewe. Njia inaukumbatia ukuta, inapanda kwa ngazi, inazunguka kona moja, na hapo hakuna tena ukuta wa pili wa kukupa moyo kwa ukaribu wake. Ni hewa. Kuna kibaraza kidogo chenye sakafu ya kioo kilichotokeza nje, na mstari wa watu wanaosubiri kusimama juu yake. Nilisimama. Sikukaa.

Nilichokaa nacho ni kipande cha reli. Kilikuwa karibu kabisa, chini kidogo ya mbao mpya, nikapiga magoti ili nikione sawasawa. Kilikuwa reli ya kweli, ile ile ya treni, yenye kichwa na kitako. Kutu yake ilikuwa imechubuka kwa tabaka kama gome la mpera. Pale ilipoingia mwambani niliona ukingo wa tundu, na kwenye ukingo huo alama za patasi, fupifupi, zimeelekea upande mmoja kisha upande mwingine. Ni alama za mtu aliyebadilisha mkono alipochoka. Zina zaidi ya miaka mia moja na hazijafutika, kwa kuwa mvua haifiki hapo. Nilimwita mpwa wangu aje aone. Alichutama kando yangu, akatazama, akasema tu, "Huyu alikuwa anatumia mashoto pia."

Hizo reli ndizo zilizochoka. Matunzo yalipungua, zege likapasuka, vyuma vikaliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ulikuwa angani. Watu wakaendelea kuja, hasa wapanda majabali, kwa kuwa magenge haya ni maarufu kwa mchezo huo Ulaya nzima. Mwaka 1999 na mwaka 2000 watu walianguka wakafa. Serikali ya jimbo ikafunga njia na kuvunja sehemu za mwanzo ili mtu asipite. Ukutani, karibu na mwisho, kuna kibao kidogo cha kuwakumbuka vijana watatu wa mwaka 2000. Wengi waliopita mbele yangu walikuwa wanatazama upande wa pili, wenye mandhari.

Kuifunga kukaipa sifa mbaya zaidi. Watu walijipenyeza kupitia mahandaki ya treni, wakatembea juu ya reli tupu huku wakijipiga video, na dunia ikaambiwa kuwa hii ndiyo njia ya hatari kuliko zote. Sifa hiyo inauza tiketi mpaka leo, na mimi naichukia. Njia iliyotengenezwa ili mtu afike kazini salama iligeuzwa kuwa mahali pa kushindana na kifo, kwa sababu tu hakuna aliyetoa fedha za kuibadilishia vyuma.

Fedha zilipatikana. Halmashauri ya mkoa wa Málaga iliikabidhi kazi kwa msanifu majengo Luis Machuca, ujenzi ukaanza mwaka 2014, na Machi 2015 njia ikafunguliwa tena. Mbao zililetwa kwa helikopta, na mafundi walining'inia kwa kamba kama wale wa 1901, isipokuwa safari hii walikuwa na mikanda ya usalama. Uamuzi ambao naona ni wa hekima kuliko yote ni kwamba hawakuing'oa njia ya kale. Waliitundika mpya juu yake, wakaiacha ya kale ionekane. Ukipita unalinganisha mwenyewe, bila kuhubiriwa.

Mwisho ni daraja la kuning'inia, mita 35 kutoka ukuta hadi ukuta, mita 105 juu ya mto. Upepo wa korongo lote unapita hapo kama kwenye bomba. Likipigwa na upepo mkali, njia nzima hufungwa siku hiyo, na unarudishiwa pesa au siku nyingine. Usigombane na mtu. Siku yetu upepo ulikuwa wa kiasi. Daraja lilitikisika kwa hatua za waliotangulia, mtikisiko ukanifikia miguuni kabla sijakanyaga. Kando yake lipo daraja la kale lililobeba bomba la maji la mfereji, zege tupu, halitikisiki. Niliweka macho kwenye hilo la kale na nikavuka nikihesabu. Hatua sitini na tatu. Mbele yangu yule baba aliyemwacha binti yake getini alivuka bila kushika popote, simu mkononi, akirekodi. Alikuwa anasema na mtoto kwenye simu, anamwambia na yeye atakuja mwakani. Atakuwa ametimiza minane.

Ukivuka unaona upande wa pili mahandaki ya reli ya Málaga na Córdoba, iliyochongwa humu tangu miaka ya 1860, na kama una umri wangu huenda umewahi kuona daraja lake bila kujua, kwenye filamu ya Frank Sinatra ya mwaka 1965, Von Ryan's Express. Kisha ngazi, geti la kusini, unarudisha kofia. Nywele zimelala, miguu inatetemeka kidogo kwa saa nzima hivi, na stesheni ya El Chorro iko mbele kwa kutembea kama kilomita mbili. Hapo kuna basi la kukurudisha ulikoanzia, na vibanda vya chai.

Ukijaliwa kwenda, nenda asubuhi, vaa viatu vyenye soli inayoshika, na kata tiketi mapema kuliko unavyodhani. Jumatatu huwa wamefunga. Mlipe kiongozi kama unaweza. Na mkishafika Gaitanes, kabla ya kibaraza cha kioo na kabla ya daraja, mwombe akuonyeshe mahali reli ilipoingia mwambani. Piga magoti uzitazame zile alama za patasi. Picha utapiga baadaye.